Oili ya difu na gundi ya kufungia kwa magari ya porini: tuache kutajiana majina ya kampuni tu

Landruza_Moroto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu mvua zianze maswali ya oili ya difu (ile nyumba ya gia katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu) yamekuwa mengi humu, na majibu karibu yote ni jina la kampuni: weka ya fulani, utakuja kunishukuru. Gari ya kwenda Entebbe na kurudi kwa lami, sawa, haina neno. Gari inayopanda Moroto, Kotido mpaka Kaabong, ikavuka mito ya mchanga na kukwama Nabilatuk kwenye lile tope jeusi linalonata, jina la kampuni ndilo jambo la mwisho la kuuliza.

Kazi yangu ni kutunza magari huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mengi Land Cruiser 70 na Hilux. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: difu nyingi za huku haziuawi na oili mbaya. Zinauawa na maji, na maji yanaingia kwa sababu kipumulio, kile kitundu cha hewa juu ya ekseli, kimeziba. Gundi inasingiziwa.

Nianze na oili maana ndiyo inayoulizwa. Kwenye difu hizi pinyoni (gia ndogo inayoleta nguvu kutoka kwenye shafti) haiingii katikati ya krauni (gia kubwa inayozungushwa nayo), imehamishwa pembeni ya mstari wa kati. Kwa hiyo jino linatelezeshwa juu ya mwenzake huku limebebeshwa uzito wote wa gari na mzigo. Oili tupu inakamuliwa pale ikaisha, chuma kikala chuma. Ndiyo sababu oili ya difu inatiwa dawa ya salfa na fosforasi, ndiyo ule uvundo usiotoka mikononi hata ukinawa kwa sabuni ya unga. Jino likipata moto, dawa inashikana na chuma na kuacha utando mwembamba, na utando huo ndio unaolika badala ya jino.

Kiwango cha dawa hiyo kinasomwa kwenye maandishi API GL, daraja la oili ya gia linaloandikwa kwenye galoni. GL-5 ndiyo ya difu. GL-4 ina kama nusu ya dawa, ni ya giaboksi. Angalia herufi kwa makini maana galoni zinafanana: kwa mfano kwa Shell, Spirax S2 A ni GL-5 na Spirax S2 G ni GL-4. Herufi moja tu. Ukimtuma kijana wa boda akakuletee "Spirax" bila kumwandikia, utapata iliyokuwa karibu na mkono wa muuzaji.

Namba sasa. 80W-90: ile ya kwanza yenye W ni ya baridi. 80W inapimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Kabale usiku watu wanalala na blanketi mbili lakini huko hatujafika, labda uipandishe gari kwenye barafu ya Rwenzori. Kwa hiyo 80W-90, 85W-90 au 90 tupu, kwa Uganda zote ni sawa. Vitabu vya Land Cruiser za zamani vyenyewe vinataka GL-5 ya 90 mradi baridi haijashuka chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Sintetiki ya 75W-90 ni oili nzuri, inavumilia joto na inadumu. Lakini gari inayovuka mito unaimwaga oili yake mapema, na kumwaga sintetiki ya bei kali ikiwa bado nzima kunauma.

Ile ya pili ndiyo ya kazi. Kwenye nyuzi 100, oili ya 90 ina unato (yaani uzito wake wa kutiririka) wa sentistoki 13.5 hadi chini kidogo ya 18.5. Ya 140 inaanzia 24 na haifiki 32.5. Na msichanganye kipimo cha gia na cha injini: gia 90 ikipimwa inakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Kuna watu wanadhani 90 ni nzito mara mbili ya 40, ndiyo maana wanaogopa.

Sasa gundi. Dukani utaletewa tyubu nyeusi, ya kijivu, nyekundu na ya bluu, na muuzaji atakuapia kwamba nyekundu ndiyo ya moto. Rangi ni pambo la kampuni, kila mmoja na yake. Geuza tyubu usome mgongoni kama inataja oili ya gia. Ile dawa ya salfa inayolinda meno inailainisha silikoni ya kawaida, inavimba, inaachia chuma. Kisha fungua unuse. Ikinuka siki, irudishe. Hiyo ni ya vioo na bafuni, inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi inakula chuma pale pale unapotaka ishike. Toyota wana yao, 1281 ya ThreeBond, inatajwa kwenye vitabu vyao vya ufundi. Permatex wana tyubu iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya oili ya gia. Zikikosekana, chukua yoyote isiyonuka siki na inayosema inavumilia oili.

Kuna aina nyingine kabisa, kama Loctite 518, isiyokauka ikiwa hewani. Inakauka ikibanwa kati ya vyuma viwili pasipo hewa. Inafaa pale difu yenyewe inapokaa kwenye nyumba ya ekseli, uso umechongwa kwa mashine na umenyooka. Kwenye kifuniko cha bati cha nyuma usiipake. Bati linacheza na mwanya wake ni mkubwa, gundi hiyo haitaujaza.

Kupaka kwenyewe ndiko kazi ilipo. Oili inaendelea kujikusanya ndani ya mabomba ya ekseli na kutiririka taratibu mpaka mdomoni. Unafuta kwa tambara, unageuka kuchukua tyubu, ukirudi kuna mstari mwembamba unang'aa sehemu ya chini ya duara. Ukipaka juu ya mstari huo umefanya kazi bure. Acha gari usiku kucha imwage mpaka iishe, au inyanyue upande mmoja. Kwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu au shaba. Diski ya grenda ipige marufuku kabisa, vumbi lake linaenda moja kwa moja kwenye beringi. Malizia na dawa ya kusafishia breki au thina. Petroli inaacha mafuta yake. Mkanda wa gundi uwe wa milimita 3 hivi, usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ukizidisha, ile inayojikunja ndani itakatika siku moja, na njia ya oili ya kwenda kwenye beringi ya pinyoni si pana hivyo.

Na isubiri. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo Kampala mwezi wa Aprili inashika haraka kuliko Moroto mwezi wa Januari hewa ikiwa kavu. Tyubu nyingi zinasema saa 24 ndipo inakauka kabisa. Makanika anayefunga saa nne asubuhi na kujaza oili saa tano anakuandalia safari ya kurudi kwake.

Nitarudi kwenye kipumulio, bado sijamaliza.

BwanaHaraka

Uzi mrefu ssebo. Mwishowe ninunue oili gani?

Landruza_Moroto

80W-90 GL-5 kutoka kampuni yoyote inayoeleweka, kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala wao. Lakini soma na ya kipumulio kabla hujaingia mtoni.

MzeeTrela

Vijana, mimi nimeendesha malori tangu barabara ya Karuma ikiwa vumbi. Difu ilikuwa inatiwa 140 na ilikuwa inatembea mpaka bodi inaoza difu ipo. Hizi 80W-90 ni maji. Gari ya mzigo, joto la Pakwach mchana, unapanda na tani juu, unataka oili inayokaa kwenye jino. Kwangu ni 85W-140, basi.

MsafiriLodwar

Naunga mkono mzee. Sisi upande wa Turkana joto linafika 35 na zaidi, mchanga wa kina, gia ya chini saa nzima. Oili ya 90 ikitoka kwenye difu inamwagika kama chai.

Landruza_Moroto

Mzee, heshima yako. Kwa lori na kwa mzigo mzito wa kudumu sibishi hata kidogo, na Lodwar pia naielewa. 85W-140 GL-5 kwenye Land Cruiser inayobeba kupita kiasi na kuvuta trela mchangani ni uamuzi wa akili.

Ninachokataa ni kuiweka kila mahali. Oili nzito inavutana zaidi, na kuvutana huko kwenyewe ni joto na ni dizeli. Asubuhi gari ikiwa baridi inachelewa kufika kwenye beringi za pinyoni. Hilux ya ofisi inayobeba watu watatu na laptopu haihitaji 140. Halafu kuna ile tabia ya kutia 140 ili difu inayolia inyamaze. Inanyamaza kweli, ila jino linaendelea kulika. Wanunuzi wa gari zilizotumika, mkikuta difu kimya isivyo kawaida, mwageni oili muione. Wapo wauzaji wanaotia mpaka unga wa mbao, na pale Ndeeba, Kampala, spea na mbao ziko jirani, kwa hiyo malighafi haiko mbali, haha.

FundiKatwe

Niongeze la gasketi ya karatasi, maana mwanzisha uzi kaipita kama haipo.

Sisi hapa Katwe, Kampala, difu za Land Cruiser tunazifunga kwa karatasi. Karatasi ya gasketi unailaza juu ya mdomo wa difu, unaishika isicheze, unachukua nyundo ya kichwa cha mviringo na kugonga polepole kufuata ukingo. Ukingo wa chuma wenyewe unakata karatasi. Matundu ya bolti unagonga hivyo hivyo, kipande kinadondoka chenyewe. Dakika chache una gasketi inayolingana na difu hiyo hiyo. Unapaka grisi kidogo sana pande zote mbili, unafunga, unatia oili, gari inaondoka saa hiyo hiyo. Haisubiri kukauka.

Mteja wa Kaabong akija asubuhi anataka kulala Soroti, silikoni ya saa 24 ataitolea wapi?

Sharti ni mdomo uwe umenyooka. Kifuniko kilichopinda kwa kubanduliwa na bisibisi, karatasi haitakuokoa. Kinyooshe kwanza juu ya chuma bapa. Na msitie vyote viwili, karatasi na silikoni nene. Bolti zikikazwa karatasi inateleza juu ya silikoni na kutoka nje kama ulimi.

Landruza_Moroto

Fundi umemaliza. Porini nami nabeba karatasi, si tyubu. Tyubu ikishafunguliwa na kukaa kwenye joto la sanduku la vifaa inaganda mdomoni, siku ya kuihitaji unaikamua na koleo.

Basi kipumulio.

Juu ya ekseli, karibu na difu, kuna kikofia kidogo cha chuma. Ingia chini, kishike kwa vidole viwili, kizungushe. Kizima kinacheza na kulia tik tik. Kilichoziba kimeshakuwa kitu kimoja na tope, ukikizungusha hakitikisiki. Nenda mkaangalie za kwenu kabla hamjanijibu.

Kazi yake ni hii. Difu ikipata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutafuta pa kutokea. Kipumulio kikiwa kimeziba, presha inasukuma oili kwenye sehemu dhaifu: sili (pete ya mpira ya kuzuia oili) ya pinyoni, sili za magurudumu mpaka kwenye breki, au gundi uliyoipaka juzi. Mwenye gari anaona oili kwenye mdomo wa difu, anasema gundi mbovu. Inafunguliwa, inapakwa nyingine ya bei zaidi, inavuja tena.

Hilo ndilo dogo. Sasa umetoka Soroti, difu ina joto la kukuunguza, unaingia mtoni. Maji yanaipoza ekseli ghafla, hewa ya ndani inanywea, inaanza kuvuta. Kipumulio kilicho wazi na kilicho juu ya maji kitavuta hewa. Kilicho wazi lakini kimezama kitavuta maji. Kilichoziba hakivuti kitu, kwa hiyo mvuto unahamia kwenye midomo ya sili, na sili imetengenezwa kuzuia oili isitoke, haikutengenezwa kuzuia maji yasivutwe ndani. Unavuka mto vizuri, unapiga picha, na difu imeshakunywa.

Dawa yake ni mpira. Unaondoa kikofia, unafunga nipo (kijibomba kifupi cha kuvalishia mpira) yenye uzi wa skrubu ule ule wa kikofia, unaingiza mpira wa mafuta wa milimita 8 na klipu, unaupandisha mpaka juu. Wa nyuma nyuma ya taa au ndani ya bodi, wa mbele kwenye chumba cha injini karibu na kichujio cha hewa. Mwishoni unaweka kichujio kidogo cha petroli ili buu wasijenge. Acha ulegevu wa kutosha ekseli inapoinama, na usiupitishe karibu na eksozi. Gari nyingine zina mpira wa kiwandani, lakini mfupi; ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake, utashangaa unapoishia.

Bei ya kazi hii yote haifiki ya galoni moja ya oili nzuri.

KijanaWaGulu

Kaka, nimetoka kufungua difu ya nyuma ya Hilux yangu baada ya kusoma hapa. Oili imetoka kama chai ya maziwa. Nilivuka maji wiki iliyopita njia ya Kitgum. Kikofia kweli hakizunguki. Je, difu imekwisha?

Landruza_Moroto

Haijaisha kama umeiwahi. Maji yanafanya mambo mawili: yanaondoa utando kwenye meno, na yanatia kutu kwenye beringi. La pili linahitaji muda gari ikiwa imesimama, kwa hiyo usiiache hivyo mpaka mwisho wa mwezi.

Fungua zote mbili, ya kujazia na ya kumwagia, iache itoke mpaka tone la mwisho. Tia oili ya bei nafuu, GL-5 lakini, endesha kilomita chache mpaka ipate vuguvugu, mwaga. Ikitoka bado na weupe, rudia. Ikitoka safi, tia ile nzuri. Kuna mafundi wanaosuuza kwa dizeli. Dizeli ya kusuuza gari ikiwa imesimama na ikamwagwa yote, sawa, lakini usiendeshe hata mita moja nayo ndani.

Angalia na sumaku ya bolti ya kumwagia. Uji laini wa kijivu unaopakaa kidoleni ni wa kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si cha kawaida, hapo difu ishushwe.

Ukitaka kuhakikisha kama maji yamekwisha, pasha kijiko kikuukuu kwenye sigiri, rudi nyuma kidogo, dondoshea tone la oili. Ikitatarika kuna maji. Ikitoa moshi tu, hakuna. Macho yawe mbali.

FundiKatwe

Na wewe kijana, pamoja na wengine: fungua bolti ya KUJAZIA kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Kila mwezi naletewa gari imevutwa kwa kamba. Kamwaga oili yote nyumbani, ya kujazia ikagoma, akaizungusha mpaka pembe zikaisha. Sasa ana difu tupu na duka la oili liko mbele yake.

Kiwango: gari isimame pasawa, jaza mpaka oili ianze kurudi kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Usiongeze kwa kuinua gari upande ili iingie nyingi, hiyo ya ziada itatokea kwenye kipumulio au kwenye breki.

DadaPrado

Naomba msaada. Prado yangu ya kutoka Japani, nikikata kona kali kwenye maegesho nyuma inagonga na kutetemeka. Ilianza baada ya kubadilisha oili ya difu, GL-5 kama mlivyosema.

Landruza_Moroto

Nyabo, tazama kwenye nyumba ya difu karibu na bolti ya kujazia kama kuna kibandiko kilichoandikwa LSD. Hiyo ina sahani za kusuguana zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, na zinahitaji oili ya GL-5 iliyotiwa dawa ya ziada ya kulainisha msuguano. Galoni itaandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida sahani zinashika na kuachia, ndiyo huo mtetemo. Mwaga, weka ya LSD, kisha zunguka uwanjani mara kadhaa umbo la nane polepole ili iingie kati ya sahani. Mara nyingi inatulia.

Wenye difu loki (ya kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) ya umeme au ya hewa, ninyi oili ya kawaida ya GL-5 inawatosha.

DadaPrado

Kibandiko kipo, kimefunikwa na rangi nyeusi. Asanteni sana.

DefendaMbarara

Watu wa Land Rover tumesahaulika. Defender 110 nyingi zilizopo huku zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ile yenye kifuniko kikubwa cha bati na bolti 10. Inakunywa lita 2.3. Ya mbele ni ya Rover, lita 1.7. Zote GL-5 ya 90.

Ila msitie oili hiyo hiyo kwenye giaboksi kwa sababu imebaki. Giaboksi ya LT77 inataka ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), ya R380 inataka MTF94 (oili nyepesi ya giaboksi za kawaida). Nimekuta gari mtu amejaza 90 kila tundu aliloliona, asubuhi gia ya pili haiingii, anasema Land Rover mbovu. Transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) ya LT230 ndiyo inayokubali 90.

Landruza_Moroto

Hapo umegusa jambo. Kwenye giaboksi za zamani zenye ringi za shaba za kulinganisha mwendo wa gia, GL-5 ina matatizo mawili: salfa yake ikipata joto inaila shaba, na utelezi wake unafanya ringi zishindwe kushika, gia zikaanza kukwaruza. Giaboksi ifuate kitabu chake. Toyota nyingi zinakubali 75W-90 ya GL-4 au GL-5, lakini soma, usikisie.

MzeeTrela

Na oili ya kupimiwa kwenye jerikeni je? Mbona hamuitaji, ndiyo wengi wanaponunua.

Landruza_Moroto

Mzee umeuliza la maana. Oili ya ngoma (pipa) ikipimwa mbele yako kutoka ngoma yenye lakiri, sina ugomvi nayo. Ile iliyokwisha kupimwa na kupangwa kwenye chupa za maji, huwezi kujua ni GL-ngapi, na pua haitakusaidia maana salfa inanuka hata kidogo tu. Duka moja mjini, silitaji, liliniuzia galoni yenye kifuniko kilichobandikwa upya kwa gundi ya moto. Uzi wa gundi ulikuwa unaonekana chini ya pete ya plastiki. Tazameni pete hiyo, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni yenyewe, si kwenye karatasi. Na galoni tupu tobozeni kabla ya kutupa, zisije zikajazwa tena.

KijanaWaGulu

Nimesuuza mara ya pili, imetoka safi, na kijiko hakikutatarika. Sasa la mbele: kwenye gurudumu la mbele la Land Cruiser ya mjomba, lile duara la chuma linatoa uji mweusi mwembamba, zamani ilikuwa grisi nzito. Ni oili au grisi?

Landruza_Moroto

Ni vyote viwili. Ndani ya ekseli ya mbele kuna sili inayotenganisha oili ya difu na grisi ya joini (kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele hata likikata kona). Sili ikilika, au kipumulio cha mbele kikiziba na presha ikapita, oili inaingia kwenye grisi na kuifanya uji. Difu inapungua oili kimyakimya huku joini inazungukia kwenye uji. Kupangusa nje hakusaidii. Joini ifunguliwe, isafishwe, sili ya ndani mpya, grisi ya lithiamu yenye molibdenamu. Kabla ya hayo yote pima oili ya difu ya mbele leo hii, na kikofia chake kizungushe.

FundiKatwe

Na ukiona sili ya pinyoni ndiyo inayovuja, usimwachie kijana mwenye spana ndefu. Kabla ya kufungua nati ya flanji (sahani inayoshikana na shafti ya kuleta nguvu) weka alama kwa patasi kwenye nati na kwenye shafti, hesabu mizunguko wakati wa kutoa. Ndani kuna bushi inayojiminya kuweka mkazo wa beringi. Ukikaza kupita alama, imeminyika zaidi, beringi zinabanwa, na difu inaanza kulia ukifika kilomita 60 kwa saa. Pitisha pia ukucha kwenye flanji pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu, badilisha flanji au isogeze sili milimita moja mbili isikanyage mfereji uleule.

KijanaWaGulu

Sawa mafundi. Mpira wa milimita 8 nimepata Gulu mjini, nipo ndiyo sijapata ya uzi huo.

FundiKatwe

Usihangaike. Toa kikofia, peleka kwa mtu wa mashine ya kukereza. Kofia ikifunguka juu, shina lake atalitoboa na kuliachia kimo cha kuvalisha mpira. Mwambie akusafishie vumbi la chuma kabla hujalirudisha.